Barua ya wazi: Kabla chuma cha Mkondoa hakijapanda mizani ya chakavu

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Reli Tanzania
Katibu Mkuu, Wizara ya Maliasili na Utalii
Wakuu wa Mikoa ya Dodoma na Morogoro

Yah: Kuorodhesha na kulinda kumbukumbu za Reli ya Kati kati ya Kilosa na Dodoma

Waheshimiwa, tunawasalimu.

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, msafiri anayetoka Dar es Salaam huvuka milima ya Kilosa bila kuhisi kwamba amepanda mlima. Anaingia handakini, anatoka, anaingia tena. Hapo katikati, kwa sekunde chache, akitazama bondeni anaona reli nyembamba inayojipinda kufuata mto Mkondoa. Barua hii inahusu reli hiyo ya bondeni, Reli ya Kati yenye upana wa mita moja, kipande cha kutoka Kilosa hadi Dodoma.

Tunaomba kwamba kabla chuma cha kipande hicho hakijauzwa, kuyeyushwa au kufunikwa na zege, kwanza kiorodheshwe pale kilipo, daraja kwa daraja na kalvati (mfereji wa kupitishia maji chini ya njia) kwa kalvati, na mifano yake itengwe. Tunaipenda historia, hilo hatulifichi. Lakini hata asiyeipenda ana sababu ya kutusikiliza. Reli hii imepigana na maji kwa zaidi ya miaka 110, na kila pigo limeacha alama: nguzo ya daraja iliyohamishwa, tuta lililopandishwa, kipande cha njia ya zamani kilichoachwa porini. Mto ni uleule, na bonde hilo hilo sasa lina reli mbili. Fundi anayepanga kinga ya mafuriko leo anazihitaji alama hizo kuliko sisi.

Turudi mwanzo kidogo, maana sababu ya matatizo yote iko kwenye uamuzi wa mwanzo. Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule Vita vya Maji Maji vilipolipuka. Kazi ilifanywa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, na wengi wa vibarua walikuwa Wanyamwezi, watu wale wale ambao kabla ya hapo walibeba mizigo ya misafara kwa mabega. Reli ilifika Morogoro 1907, Kilosa 1909, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, jumla ya takriban km 1,252.

Kutoka Morogoro hadi Kilosa ni mbuga ya Mkata, ardhi tambarare. Baada ya Kilosa mambo yanabadilika. Kilosa iko takriban mita 490 juu ya usawa wa bahari, Dodoma zaidi ya mita 1,100, na katikati imesimama milima ya Rubeho. Msafara wa miguu uliweza kuupanda mlima na kushuka upande wa pili. Treni haiwezi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huenda kwa wepesi sana kwenye tambarare, lakini mwinuko wa mita 2 tu katika kila mita 100 huidai injini nguvu mara tano au zaidi kuvuta mabehewa yaleyale. Kwa hiyo wahandisi walitafuta mtu aliyekwisha kuupasua mlima, wakamkuta: ni mto. Kinyasungwe unakusanya maji ya Ugogo, nchi ya Wagogo, unaingia kwenye bonde jembamba, unaitwa Mkondoa, unatokea Kilosa, na mwisho wake ni Wami na Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Reli ikapandishwa kandokando ya mto huo kupitia Munisagara, Mzaganza, Kidete na Godegode hadi Gulwe. Mwinuko ukawa wa kuvumilika. Lakini karibu maji yote yanayonyesha kuanzia Dodoma hadi Mpwapwa sasa yanapita mlango mmoja na treni.

Hapa tunaomba mtuvumilie tueleze jinsi mto unavyoikata reli, kwa sababu wengi wanadhani maji huja yakasukuma daraja likaanguka. Mara chache huwa hivyo. Njia za kawaida ni tatu.

Kwanza, vijito vya pembeni. Hivi hukauka miezi saba au minane ya mwaka. Mvua moja kubwa ikipiga mlimani, kijito hushuka na mchanga na mawe kwa nguvu, kikifika mtoni kwenye tambarare kinapoteza kasi na kumwaga mzigo wake wote pale kwenye makutano. Lundo lile linausukuma mto mkuu kwenda ng'ambo ya pili, na kama ng'ambo ya pili ndiko tuta la reli liliko, mto unaanza kulila tuta. Kwa hiyo mahali palipokatika mara nyingi si mahali penye kosa. Kosa liko ng'ambo, kwenye mdomo wa kijito.

Pili, mchanga unaojaa chini ya daraja. Daraja halishuki, ila kitanda cha mto kinapanda. Tuseme daraja lilijengwa na nafasi ya mita 4 kutoka mchangani hadi kwenye boriti, na leo zimebaki mita 2: nusu ya mlango wa maji imezibwa, ingawa daraja lenyewe ni zima kabisa na kila ukaguzi wa chuma unasema ni zima. Mafuriko yakija, gogo moja likikwama kwenye boriti linatosha. Maji yanapanda, yanalizunguka daraja, yanapita nyuma yake kwenye tuta la udongo. Asubuhi daraja limesimama peke yake katikati ya mto, na upande wa kuingilia hakuna kitu ila reli mbili zinazoning'inia hewani na mataruma yake, yaani vile vipande vya kulalia reli, kama ngazi ya kamba. Aliyewahi kutazama picha ya njia iliyokatika bonde hili anaijua ngazi hiyo.

Tatu, kuchimbwa kwa msingi. Maji yakipita kando ya nguzo ya mawe au kando ya kinga ya mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, hujizungusha na kuchimba mguuni. Kinga iliyowekwa juu ya mchanga bila kuteremshwa chini ya kina kinachochimbwa na mafuriko hupinda mbele na kulala mtoni, hata kama mawe yake yalipangwa vizuri na waya ni mpya.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu katika hali zote tatu, swali la kwanza la fundi ni la kihistoria. Kitanda cha mto kilikuwa wapi daraja lilipojengwa? Msingi ulishuka mita ngapi? Njia ilipita hapa tangu mwanzo au ilihamishwa, na ilihamishwa baada ya mafuriko gani? Ukisimama pale mtoni huwezi kujibu. Jibu liko kwenye mchoro wa zamani, kwenye daftari la genge, yaani kikosi cha kutunza njia, na kwenye mabaki yaliyo chini ya vichaka.

Na mabaki yapo kwa tabaka. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Kijerumani yaliporudi nyuma, yaliyalipua madaraja ya reli hii. Dodoma ilichukuliwa mwishoni mwa Julai mwaka huo, Kilosa mwezi uliofuata, na majeshi ya upande wa Uingereza yaliyoingia yalijenga madaraja ya muda kwanza, ya kudumu baadaye. Ndiyo maana kwenye bonde hili unaweza kukuta nguzo ya mawe ya Kijerumani iliyoachwa, na hatua chache kutoka hapo nguzo nyingine ya kipindi cha Waingereza. Huku Ugogo miaka ile ni ya uchungu: wanajeshi wa pande zote walichukua ng'ombe, nafaka na watu, na baada ya vita ikaja njaa ambayo Wagogo wanaikumbuka kwa jina la Mtunya. Reli ilikuwa katikati ya mambo hayo. Atakayeandika historia yake asiandike injini peke yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mradi mkubwa wa karanga wa Kongwa ulipokuwa unaleta mitambo kupitia stesheni ya Msagali, Kinyasungwe ilifurika na kuisomba reli. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yaliikata njia sehemu nyingi kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasimama kwa miezi. Bwawa la Kidete, ambalo lilikuwa likipunguza kasi ya maji kabla hayajaingia bonde la chini, lilipasuka. Mto uleule, na kwa sehemu kubwa mahali palepale. Hizo ndizo kurasa tunazotaka zisipotee.

Sasa tuseme kazi yenyewe inafanywaje, ili isionekane ni jambo la kuundiwa kamati ya miaka mitano.

Kilosa iko takriban km 283 kutoka Dar es Salaam, Gulwe km 366, Dodoma km 456. Jumla ni km 173 za kutembea. Bonde la Kilosa hadi Gulwe, km 83, lina vitu vingi. Timu isitegemee kupita km 5 kwa siku. Hizo ni siku 17. Gulwe hadi Dodoma kupitia Msagali, Igandu, Kikombo na Ihumwa ni km 90 za ardhi wazi zaidi, km 10 kwa siku zinawezekana, siku 9. Jumla siku 26 za kazi kwa timu ya watu watano: fundi wa njia anayeijua sehemu hiyo, fundi wa madaraja, mtu wa mambo ya kale, mpiga picha anayeandika pia, na mlinzi wa treni. Huyu wa mwisho asipewe kazi nyingine yoyote. Treni za mizigo na abiria bado zinapita, kona za bonde ni kali na sauti ya mto humeza sauti ya injini. Awe na filimbi, bendera nyekundu na kijani, na ratiba ya siku hiyo kutoka stesheni. Wakati mzuri ni Julai hadi Septemba: mto umeshuka, nyasi zimekauka, na misingi inaonekana.

Kila kitu kipewe anwani kwa nguzo ya kilomita, pamoja na upande: kulia au kushoto ukielekea Kigoma. Simu yenye ramani ya setilaiti itumike pia, wala isiaminiwe peke yake, kwa sababu kwenye korongo hukosea kwa mita nyingi. Na nguzo za kilomita zenyewe zina mtego wake. Pale njia ilipohamishwa, umbali kati ya nguzo mbili unaweza kuzidi au kupungua mita 1,000, maana hakuna aliyehamisha nguzo zote hadi Kigoma kwa ajili ya kona moja. Kwa hiyo timu ipime kwa utepe kila inapoona mashaka. Kilomita isiyotimia au iliyozidi si makosa ya kusahihisha, ni ushahidi kwamba hapo njia ilibadilishwa. Iandikwe kama ilivyo.

Kwenye kila daraja na kalvati kuna vipimo vitatu visivyokosa: kutoka juu ya reli hadi mchanga wa mtoni, katikati ya kila uwazi, kutoka juu ya reli hadi alama ya juu kabisa ya mafuriko inayoonekana au inayokumbukwa na wenyeji, na upana wa uwazi wenyewe. Picha nne: kutoka juu ya mto, kutoka chini ya mto, kwa urefu juu ya njia, na ya karibu ya bamba au tarehe yoyote iliyochongwa. Katika kila picha pawe na fimbo iliyopakwa nyekundu na nyeupe kila sentimita 10. Kipimo cha kwanza kirudiwe mahali palepale kila mwaka baada ya mvua, na baada ya misimu mitatu mtakuwa na jambo la thamani kubwa: kasi ya mchanga kupanda, daraja kwa daraja. Gharama yake ni utepe na nusu saa.

Twende kwenye chuma. Hapa ndipo kumbukumbu zinapopotea kwa kasi zaidi, na si kwa nia mbaya ya mtu. Ukarabati wa miaka ya karibuni kati ya Dar es Salaam na Isaka, km 970, umeondoa reli nyepesi sehemu kadhaa na kuweka za ratili 80 kwa yadi, yaani karibu kilo 40 kwa mita. Ni kazi iliyohitajika. Reli nyepesi haiwezi kubeba mizigo ya leo. Ila reli inayotolewa ni hati.

Ichukue reli kuukuu, ilaze ubavu, tazama ile sehemu nyembamba ya katikati, kati ya kichwa na kitako. Pale kiwandani, chuma kikiwa bado chekundu, rola ilikiachia herufi zilizoinuka: jina la kiwanda, aina ya reli, mwaka, na mara nyingine vistari vidogo vya kuhesabia mwezi. Kutu na mafuta vimezifunika. Piga brashi ya waya kwa mkono, taratibu, kisha paka chaki ukiwa umeilaza, ifute kwa kitambaa ili ibaki mipakani mwa herufi. Usitazame saa sita mchana. Tazama asubuhi au jioni jua likiwa pembeni, au washa tochi ukiishika karibu kabisa na chuma iangaze kwa ubavu. Herufi zitasimama kwa vivuli vyake. Alama hujirudia kila baada ya mita kadhaa, rola ilipomaliza mzunguko. Kwa hiyo anayekata kipande cha mfano kwa kubahatisha hupata chuma kitupu. Kwanza itafutwe alama, ndipo msumeno uje.

Alama isiposomeka kabisa, pima uzito. Kipande cha sentimita 50 cha reli ya ratili 56 kwa yadi kina kilo 14 hivi, cha ratili 60 kilo 15, cha ratili 80 kilo 20. Lakini tahadhari: reli ya ratili 60 iliyolika kichwani kwa miaka mingi huweza kuwa na uzito wa ratili 56. Kwa hiyo pima pia upana wa kitako, ambacho gurudumu halikigusi. Na kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba mwaka ulioandikwa kwenye reli ni mwaka wa njia. Reli huhama. Iliyochoka njia kuu hupelekwa njia ya pembeni ya stesheni, kisha huwa nguzo ya simu, kisha uzio, kisha boriti ya paa. Ndiyo sababu reli kongwe isitafutwe njia kuu, itafutwe nyuma ya stesheni. Itafutwe hata shuleni: ile kengele ya kijijini, kipande cha reli kinachoning'inia mtini na kugongwa kwa nondo saa mbili kasorobo, huenda kina mwaka wa kufuliwa ubavuni ambao haupo tena popote kwenye njia. Walimu waombwe kusafisha na kusoma tu. Kengele ibaki pale pale.

Mataruma ya chuma nayo yatengwe. Wajerumani walitumia chuma kwa sababu mchwa wa nchi hii wangeyamaliza ya mbao. Taruma kuukuu hupasuka pale reli inapokalia, na kuna yaliyochomelewa kiraka. Chukueni moja zima na moja lenye kiraka, maana la pili linaeleza maisha ya genge kuliko la kwanza. Orodha ya mifano haihitaji kuwa ndefu: mita moja moja ya kila aina ya reli yenye alama, mataruma, viungio vya reli na boliti zake, mkono wa kugeuzia njia, taa, mashine ya tokeni (ya kutolea idhini ya treni kuingia kipande cha njia), mzani wa stesheni. Vyote vinaingia chumba kimoja. Mita moja ya reli ya ratili 56 ni kilo 28, watu wawili wanaibeba.

Visipakwe rangi. Tunasisitiza hili kwa sababu ndilo kosa linalofanywa kwa upendo. Rangi nzito ya fedha au nyekundu hujaza herufi, na kupuliziwa mchanga kwa mashine huzifuta kabisa. Brashi ya mkono, kisha mafuta mepesi au nta, inatosha kwa hewa kavu ya Dodoma.

Kuhusu majengo ya stesheni tutasema jambo moja la ufundi. Kuta za mawe za wakati ule zinapumua kupitia chokaa kati ya mawe. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, na kwenye maji ya chumvi kama ya sehemu nyingi za Dodoma, chumvi huganda nyuma ya plasta na kuumenya uso wa jiwe. Baada ya miaka michache plasta inaanguka na ngozi ya jiwe nayo. Wazabuni waandikiwe kwenye mkataba: chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, viungo tu vijazwe, ukuta umwagiwe maji kabla, na kazi ifunikwe gunia lenye unyevu kwa siku kadhaa, kwa sababu jua letu huikausha chokaa kabla haijashika.

Chumvi hiyohiyo iliwatesa pia watu wa injini za mvuke. Maji ya chumvi hutoa povu ndani ya boila na kuacha magaga kwenye mabomba yake, kwa hiyo kisima chenye maji yasiyo na chumvi kilikuwa mali kuliko stesheni yenyewe. Tangi la chuma, kisima au nguzo ya kujazia maji iliyobaki mahali popote kwenye njia hii iandikwe, pamoja na kuonjwa kwa maji yake kama bado yapo. Kuna vijiji vinatafuta maji leo.

Michoro na madaftari: yasipakwe plastiki, yasibandikwe kwa gundi ya utepe, yasiwekwe sakafuni. Yapigwe picha yakiwa yamelala, yahifadhiwe yamelala. Mchoro wa daraja uanze kutafutwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako ziko nyaraka za utawala wa Kijerumani. Na kwa kipindi cha 1948 hadi 1977, reli zetu zilipoendeshwa pamoja na za Kenya na Uganda, makao makuu yalikuwa Nairobi, hivyo nakala zitafutwe huko pia. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971. Tukiwaandikia majirani kwa heshima, tunaamini watatufungulia makabati.

Zipo njia ambazo hazipo tena. Tawi la kutoka Msagali kwenda Kongwa hadi Hogoro lilijengwa kwa ajili ya karanga. Mradi ulipokufa, mwaka 1951, tawi halikudumu. Magharibi zaidi, tawi la Manyoni kwenda Kinyangiri lilijengwa miaka ya 1930 na kung'olewa muongo uliofuata. Tuta la reli iliyong'olewa linajulikana shambani: ni mstari usiopinda ghafla, unaovuka kijito kwa kalvati isiyo na barabara, na mtama au alizeti iliyopandwa juu yake huwa fupi kuliko majirani zake kwa sababu ya kokoto zilizo chini. Wenye mashamba wasisumbuliwe. Tunaomba tu lichorwe kwenye ramani za wilaya za Kongwa na Singida kabla trekta halijalisawazisha.

Kuna mahali pamoja ambapo tunaomba kazi ifanywe kwa utulivu wa pekee. Tarehe 24 Juni 2002, kwenye mlima wa Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Timu ikifika hapo ipime mteremko mita kwa mita, iandike umbali kati ya stesheni na mahali pa ajali, na izungumze na wenyeji waliookoa watu siku ile, wale walio tayari kuzungumza. Maandishi hayo yakabidhiwe wanaofundisha madereva na walinzi wa treni.

Kisheria, Waheshimiwa, kuna pengo ambalo ninyi mnaweza kuliziba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863. Stesheni au daraja la 1910 halimo, isipokuwa Waziri akilitangaza kuwa la kulindwa. Kwa hiyo ukuta wa stesheni ya Kijerumani leo unaweza kubomolewa bila mtu kuvunja sheria yoyote ya kumbukumbu. Tunaomba orodha ikikamilika, vitu vichache vilivyo imara na visivyozuia kazi ya reli vipelekwe kwa Waziri na picha, vipimo, anwani ya kilomita na kauli ya mwenye mali. Hatuombi njia nzima itangazwe. Njia inayofanya kazi lazima ibadilishwe, na fundi asiombe kibali cha makumbusho kubadilisha taruma.

Na stesheni ya zamani ya Dodoma itenge chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, paa lisilovuja na rafu za chuma. Mji huu ulikua kwa sababu treni ilisimama hapa mwaka 1910. Kabla ya hapo wakubwa wa Kijerumani walikaa Mpwapwa na Kilimatinde. Mtoto wa shule ya Dodoma anaweza kuijua kwa mikono historia ya mji wake akiruhusiwa kusoma mwaka kwenye ubavu wa reli.

Cha kuanza nacho ni kidogo. Mvua za huku huanza Desemba. Kabla ya hapo, litolewe agizo la ukurasa mmoja kwamba hakuna reli, taruma wala boriti ya daraja kutoka kati ya Kilosa na Dodoma itakayopandishwa kwenye lori la chakavu kabla alama zake hazijasomwa na kipande kimoja kutengwa. Wiki hiyo hiyo, magenge ya Kidete, Godegode na Gulwe yapewe utepe, chaki nyeupe na daftari lenye jalada gumu, na yapime kutoka juu ya reli hadi mchangani chini ya kila daraja la sehemu yao. Namba hizo zikipatikana kabla ya mvua, zile za Mei zitakuwa na cha kulinganishwa nacho.

Wenu katika kulijenga Taifa,
Wafuatiliaji wa historia ya Reli ya Kati,
Dodoma